Foleni za Ujumbe na Viwanda vya Miunganisho katika Seva za Java

Upelekaji wa ujumbe kutoka programu moja hadi nyingine ni kazi iliyotangulia kwa mbali lugha ya Java, na kwa sababu hiyo msimamizi anayefungua ukurasa wa usimamizi wa seva ya Java, akatakiwa kutaja foleni, kiwanda cha miunganisho, jina la saraka na ukomo wa miunganisho inayowekwa akiba, huwa anajaza nafasi zilizoachwa na watu waliofanya maamuzi yao katika nyakati mbalimbali na kwa mahitaji yasiyofanana. Historia ya nafasi hizo haijaandikwa sana, kwa kuwa wanaoandika juu ya Java huvutiwa zaidi na lugha yenyewe kuliko na faili za usanidi zinazoiwezesha kufanya kazi. Hata hivyo, ni katika faili hizo ndipo panapoonekana wazi jambo moja kuhusu kiwango cha ujumbe cha Java: kiliwapa waandishi wa programu lugha moja, lakini kwa makusudi kikaiacha kazi ya msimamizi mikononi mwa kila kampuni ifanye ipendavyo.

Foleni ya ujumbe ni mahali ambapo programu moja huweka habari na kuendelea na shughuli zake, na programu nyingine huichukua habari hiyo kwa wakati wake, hata kama ile ya kwanza imekwisha kuzimwa. Mantiki yake haitofautiani na ya sanduku la posta, ambamo barua hukaa mpaka mwenye ufunguo afike. Katika kompyuta kubwa za IBM wazo hili lilikuwako tangu miaka ya 1960. Mfumo wa IMS, uliotayarishwa na IBM pamoja na kampuni ya Rockwell ili kuratibu orodha ya vipuri vya mpango wa Apollo, ulianza kutumika mwaka 1968 huko Downey, California, na katika sehemu yake ya mawasiliano maombi yaliyotoka kwenye vituo vya watumiaji yaliingizwa katika foleni kabla ya kukabidhiwa kwa programu husika. CICS, iliyotolewa na IBM mwaka 1969, nayo ilikuwa na foleni zake za muda. Foleni hizo, hata hivyo, ziliishi ndani ya mfumo mmoja, na programu iliyokuwa nje ya mfumo huo haikuwa na njia nyepesi ya kuzifikia.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1993, IBM ilipoanza kuuza MQSeries, bidhaa iliyokuzwa katika maabara yake ya Hursley nchini Uingereza na ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa WebSphere MQ, kisha IBM MQ. Shabaha yake ilikuwa kuziunganisha kompyuta za aina mbalimbali, kuanzia kompyuta kuu za mabenki hadi mashine za Unix, kwa kutumia amri chache sana: MQCONN ya kuunganisha, MQOPEN ya kufungua foleni, MQPUT ya kuweka ujumbe, MQGET ya kuuchukua, na nyingine za kufunga na kuachana. Nyuma ya amri hizo palikuwa na msimamizi wa foleni, yaani programu inayomiliki foleni, inayoziandika kwenye diski na inayohakikisha kwamba ujumbe uliokabidhiwa kwake unafika mara moja na mara moja tu. Uchache wa amri hizo ndio uliowavutia watu wa benki na mashirika ya ndege, kwa sababu mwandishi wa programu hakulazimika kujua mtandao unavyofanya kazi. Aliyelazimika kuujua ni mtu mwingine, yule aliyesanidi msimamizi wa foleni, njia za mawasiliano na namba ya poti, ambayo kwa desturi ilikuwa 1414.

Sambamba na hayo, ukoo mwingine wa mifumo ulikuwa umekua katika vyumba vya wauzaji wa hisa na dhamana nchini Marekani. Kampuni ya Teknekron Software Systems, iliyoanzishwa na Vivek Ranadivé katikati ya miaka ya 1980, ilitengeneza mfumo ulioitwa The Information Bus, ambamo bei mpya ilitangazwa chini ya mada fulani na kila aliyejiandikisha kwa mada hiyo akaipata kwa wakati mmoja. Reuters iliinunua kampuni hiyo mwaka 1994, na mwaka 1997 kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya TIBCO. Tofauti ya koo hizi mbili ilikuwa ya msingi: kwenye foleni kila ujumbe una mpokeaji mmoja na hukaa mpaka auchukue, ilhali kwenye mada ujumbe una wapokeaji wengi na asiyekuwapo unapotangazwa kwa kawaida huukosa. Benki inayohamisha fedha haiwezi kukubali kupoteza ujumbe hata mmoja, lakini muuza hisa hana haja na bei ya dakika kumi zilizopita.

Sun Microsystems ilipoanza kuisogeza Java kutoka kwenye kurasa za mtandao kuelekea kwenye kompyuta za biashara, ilizikuta koo zote mbili zikiwa na wateja wao, na haikuwa na nguvu ya kuifuta hata moja. Kiwango cha Huduma ya Ujumbe ya Java, kinachojulikana kwa herufi za JMS, kilitolewa mwaka 1998 chini ya uongozi wa Mark Hapner wa Sun, na kilitungwa kama mapatano kati ya kampuni ambazo tayari zilikuwa na bidhaa sokoni. Kilieleza violesura, yaani maumbo ya vitu ambavyo programu inaweza kuvitumia bila kujua vimetengenezwa na nani, kisha kikataja waziwazi mambo ambayo hakitayagusa: usawazishaji wa mzigo, taarifa za hitilafu, usimamizi wa bidhaa, usalama, itifaki ya waya, na hazina ya maelezo ya aina za ujumbe. Itifaki ya waya ni utaratibu wa baiti zinazopita kwenye mtandao, na kutokuwapo kwake kulimaanisha kwamba programu iliyotumia maktaba ya kampuni moja haikuweza kuzungumza na msimamizi wa foleni wa kampuni nyingine, ingawa zote mbili zilikuwa zimetimiza kiwango kilekile. Si kosa kusema kwamba hii ndiyo iliyokuwa bei ya kukubaliana, kwa maana hapana kampuni ambayo ingekubali kuuacha waya wake.

Kutokana na pengo hilo ndipo kilipozaliwa kiwanda cha miunganisho. Ikiwa programu haitakiwi kujua jina la kompyuta, namba ya poti wala aina ya bidhaa, basi lazima pawe na kitu kinachoyajua yote hayo kwa niaba yake, kitu ambacho programu itakiomba muunganisho nacho kikaurudisha ukiwa tayari kutumika. Kiwango kilikiita kitu hicho, pamoja na foleni au mada yenyewe, vitu vinavyosimamiwa, kwa maana ya vitu vinavyoundwa na msimamizi kabla programu haijaanza kazi na kuwekwa mahali ambapo programu itavikuta. Mahali hapo palikuwa kwenye saraka ya majina, inayofikiwa kwa kiolesura cha JNDI, ambamo kila kitu huhifadhiwa chini ya jina kama vile jms/Malipo. Kwa hiyo mwandishi aliandika jina tu, wakati ndani ya saraka kilichokuwapo ni kitu halisi cha kampuni fulani, kwa mfano cha aina ya MQQueueConnectionFactory ya IBM, kikiwa kimebeba jina la msimamizi wa foleni, anwani na njia ya mawasiliano.

Jinsi kazi hiyo ilivyofanyika inaonekana vizuri katika chombo cha IBM kilichoitwa JMSAdmin. Msimamizi alikifungua kwenye dirisha la amri na kuandika sentensi fupi inayoanza na DEF QCF, ikifuatiwa na jina la kiwanda, kisha akataja kama muunganisho utapita ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ileile au utapita kwenye mtandao. Alipomaliza, chombo kiliandika maelezo hayo yote, mara nyingi katika faili moja iliyoitwa .bindings. Faili hiyo, ambayo jina lake linaanza na nukta na kwa hiyo haionekani katika orodha ya kawaida ya faili za Unix, ndiyo iliyokuwa saraka nzima. Aliyehamisha programu kwenda kompyuta nyingine akaisahau faili hiyo alikuwa na programu nzima isiyo na njia ya kufika popote.

Koo mbili zilizotangulia kutajwa ziliacha alama yake katika toleo hilo la kwanza kwa namna isiyofichika. Palikuwa na kiwanda cha miunganisho ya foleni na kiwanda cha miunganisho ya mada, kila kimoja na aina yake ya muunganisho na ya kikao, na kampuni iliruhusiwa kutekeleza upande mmoja tu ikaendelea kuhesabika kuwa imetimiza kiwango. Msimamizi alilazimika kusanidi viwanda viwili hata pale ambapo kompyuta iliyohudumia pande zote ilikuwa moja. Ugumu zaidi ulimpata mwandishi aliyetaka kupokea ujumbe kutoka kwenye foleni na kuutangaza kwenye mada ndani ya muamala mmoja, kwani vikao vya pande hizo mbili havikuweza kuchanganywa. Toleo la 1.1, lililotolewa mwaka 2002, liliweka kiwanda kimoja kinachohudumia pande zote mbili, lakini vile viwili vya zamani havikufutwa, na kwa miaka mingi baadaye kurasa za usimamizi ziliendelea kumtaka msimamizi achague kati ya aina tatu za viwanda.

Mwanzoni JMS ilikuwa maktaba tu. Seva ya programu, yaani programu kubwa inayobeba programu nyingine za biashara na kuzipatia huduma za pamoja kama miamala, usalama na miunganisho, iliingia katika habari hii hatua kwa hatua. Jukwaa la Java la seva hizo, J2EE, katika toleo lake la 1.2 la Desemba 1999, lilidai violesura vya JMS viwepo bila kudai kwamba nyuma yake pawe na mfumo unaofanya kazi, jambo ambalo kwa msimamizi halikuwa na faida yoyote. J2EE 1.3 ya mwaka 2001 iliondoa ulegevu huo kwa kudai kila seva ije na mfumo kamili wa ujumbe, wa foleni na wa mada pia. Toleo hilohilo lilileta kijenzi kinachoendeshwa na ujumbe, ambacho ni kipande cha programu kisichoitwa na mtu yeyote moja kwa moja, bali huamshwa na seva kila ujumbe unapoingia kwenye foleni yake. Kabla ya hapo mwandishi hakuwa na njia halali ya kukaa akisubiri ujumbe ndani ya seva, kwa sababu seva haikumruhusu kuanzisha nyuzi zake za utekelezaji.

Uzito wa mabadiliko hayo ulikuwa katika miamala. Benki inapopunguza salio katika hifadhidata na papo hapo kuweka kwenye foleni ujumbe wa kuijulisha benki nyingine, mambo hayo mawili yanapaswa kutendeka yote au yasitendeke hata moja. Utaratibu wa kulihakikisha hilo, unaoitwa uthibitishaji wa awamu mbili, ulikwisha kuwekewa kiwango cha XA na shirika la X/Open mwaka 1991: mratibu huuliza kila upande kama uko tayari, na baada ya wote kukubali ndipo anapowaamuru wakamilishe. Jim Gray, mmoja wa mabingwa wa elimu ya miamala, alikuwa ameandika mwaka 1995 kwamba foleni zenyewe ni hifadhidata na zingefaa kushughulikiwa hivyo. Soko halikuufuata ushauri huo kikamilifu. Foleni na hifadhidata zilibaki bidhaa mbili, na kazi ya kuzishikanisha ikaangukia kiwanda cha miunganisho, ambacho sasa kilikuwa na sura ya kawaida na sura ya XA. Katika WebLogic, seva iliyokuwa ya BEA kabla ya Oracle kuinunua kampuni hiyo mwaka 2008, viwanda viwili vya namna hiyo vilikuja vikiwa tayari, na tofauti ya majina yao ilikuwa herufi mbili tu: weblogic.jms.ConnectionFactory na weblogic.jms.XAConnectionFactory.

Herufi hizo mbili zilikuwa na madhara makubwa kuliko zinavyoonekana. Mfano ulio wazi zaidi ni wa JBoss, seva huria iliyoanzishwa na Marc Fleury mwaka 1999 na kununuliwa na Red Hat mwaka 2006. Ndani yake palikuwa na kiwanda kilichoitwa ConnectionFactory na kingine kilichoitwa java:/JmsXA. Programu iliyokiomba cha kwanza ilipata muunganisho mpya kila mara, ulio nje ya akiba na nje ya muamala wa seva, wakati ile iliyokiomba cha pili ilipata muunganisho uliohifadhiwa kwa ajili ya kutumika tena na uliojiunga na muamala wenyewe. Zote mbili zilifanya kazi siku ya majaribio. Tofauti ilijitokeza baadaye, mzigo ulipoongezeka na kila ujumbe ukagharimu kufungua na kufunga muunganisho mzima, au muamala ulipobatilishwa kwenye hifadhidata huku ujumbe ukiwa umeshaondoka. Kosa la aina hii halimo katika msimbo, na mwandishi anaweza kuusoma msimbo wake kutwa nzima asilione.

Katika JBoss za mwanzo foleni ilitangazwa kwa faili ya XML iliyowekwa katika folda ya deploy, na seva, ambayo muda wote ilikuwa ikiichungulia folda hiyo, iliiunda foleni bila kuzimwa. Faili iliyokuja na seva, jbossmq-destinations-service.xml, ilikuwa na foleni za mfano zenye majina ya A, B, C na D, na si ajabu kwamba majina hayo yalionekana hata katika mifumo iliyokuwa kazini. Palikuwa pia na DLQ, foleni ya ujumbe ulioshindikana. Ujumbe unaosababisha hitilafu kila unaposomwa hurudi kwenye foleni, ukasomwa tena, ukashindwa tena, na usipowekewa kikomo utaizungusha seva bila mwisho. JBoss iliweka kikomo cha marudio kumi, kisha ujumbe ukahamishiwa DLQ kusubiri mtu wa kuuangalia. Kiwango cha JMS kilikuwa na alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umewahi kupelekwa kabla, lakini kilichelewa mpaka toleo la 2.0 kulazimisha hesabu ya mara ngapi, na mpaka wa marudio kiliendelea kuuachia kila kampuni.

Mfumo wa ujumbe wa JBoss ulibadilishwa mara kadhaa, kutoka JBossMQ hadi JBoss Messaging katika toleo la 5, kisha HornetQ, na hatimaye ActiveMQ Artemis katika WildFly 10, jina jipya la seva hiyo, ya mwaka 2016. Msimbo wa programu ulivuka mabadiliko hayo yote karibu bila kuguswa, kama Sun ilivyoahidi, lakini usanidi uliandikwa upya kila mara, kwa maneno mengine na katika faili nyingine. Tangu toleo la 7, ujumbe uliondolewa hata kwenye usanidi wa kawaida wa seva ukawekwa katika faili ya standalone-full.xml, na aliyewasha seva bila kuitaja faili hiyo hakukuta foleni yoyote.

Waandaaji wa jukwaa la J2EE walikuwa wamekisia mgawanyo wa kazi wenye nidhamu kubwa. Kiwango cha vijenzi vya biashara vya jukwaa hilo, EJB 1.1 cha mwaka 1999, kilitaja wahusika sita, miongoni mwao mtoaji wa vijenzi, mkusanyaji wa programu, msakinishaji na msimamizi wa mfumo, na majina ya foleni yalipangwa kufuatana na mgawanyo huo. Mwandishi alitumia jina lake la ndani chini ya java:comp/env, faili ya maelezo ya programu ikatangaza kwamba jina hilo ni rejeo la rasilimali, kisha msakinishaji akalifunga rejeo hilo kwenye jina halisi lililomo katika saraka ya seva. Majina matatu kwa kitu kimoja yana maana pale ambapo watu watatu wanafanya kazi tatu. Ofisini, ambako mara nyingi mtu mmoja ndiye aliyekuwa wahusika wote sita, yalizaa zaidi hitilafu ya jina lisilopatikana.

J2EE 1.4 ya mwaka 2003 ilijaribu kuliziba pengo kati ya seva na mifumo ya ujumbe ya kampuni nyingine. Usanifu wa viunganishi, katika toleo lake la 1.5, uliruhusu kampuni ya ujumbe itoe adapta ya rasilimali, yaani kifurushi ambacho seva yoyote ingeweza kukipokea na kupitia hicho ikaamshiwa vijenzi vyake. WebSphere, seva ya programu ya IBM iliyokuwa ikitumia kitu kilichoitwa poti ya msikilizaji, iligeukia vipimo vya uamshaji, ambavyo vinaeleza kijenzi kisikilize foleni ipi na kwa nyuzi ngapi. Akiba ya miunganisho ilibaki kuwa jukumu la msimamizi. Katika WebSphere kiwanda kipya kilianza na ukomo wa miunganisho kumi, na seva yenye wasikilizaji wengi kuliko idadi hiyo ilijikuta ikiwaweka wengine kusubiri, hali inayofanana sana na kuharibika kwa mtandao ingawa mtandao ni mzima.

Baada ya Oracle kuichukua Sun mwaka 2010, kiwango cha ujumbe kilifanyiwa marekebisho makubwa kwa mara ya kwanza tangu 2002. JMS 2.0, iliyoongozwa na Nigel Deakin na kutolewa mwaka 2013 pamoja na Java EE 7 (jina jipya la J2EE), ilifupisha msimbo wa kutuma ujumbe na, jambo linalohusu zaidi habari hii, ilimruhusu mwandishi atangaze foleni na kiwanda cha miunganisho ndani ya msimbo wenyewe kwa maandishi ya ufafanuzi, huku kila seva ikilazimika kutoa kiwanda cha msingi chenye jina linalojulikana, java:comp/DefaultJMSConnectionFactory. Kwa hatua hiyo sehemu ya kazi ya msimamizi ilirudishwa kwa mwandishi, ambaye mwaka 1998 alikuwa amezuiwa kuigusa. Maandishi hayo yana sehemu ya sifa za ziada, na sifa hizo hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, kwa hiyo anayehama seva bado ana la kuandika upya.

Pengo la itifaki ya waya lilizibwa nje ya Java. John O'Hara wa benki ya JPMorgan Chase alianzisha mwaka 2003 kazi iliyozaa AMQP, itifaki inayoeleza baiti zenyewe bila kujali lugha ya programu, na RabbitMQ iliyotoka mwaka 2007 ikaieneza. Kafka, iliyofunguliwa kwa umma na LinkedIn mwaka 2011, iliacha hata wazo la ujumbe unaoondolewa unaposomwa, kwa kuuhifadhi katika daftari ambalo kila msomaji hukumbuka mwenyewe alipofikia. Programu za Java hutumia mifumo hii miwili mara nyingi bila kupitia JMS, na anwani za seva huandikwa katika faili ya sifa iliyo kando ya msimbo, bila saraka ya majina.

Oracle iliikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, na kwa kuwa haikutoa ruhusa ya kuendeleza jina la javax katika matoleo mapya, Jakarta EE 9 ya Desemba 2020 ilibadilisha jina la kila kiolesura, ujumbe ukiwemo. Safari hii msimbo ndio ulioguswa zaidi, kwani kila programu ililazimika kubadilisha javax.jms kuwa jakarta.jms. Usanidi haukuokoka kabisa. Amri ya seva ya GlassFish ya kuunda foleni, asadmin create-jms-resource, humtaka msimamizi ataje aina ya rasilimali kwa jina la kiolesura chake, na hati za amri zilizokuwa zimeandikwa kwa miaka mingi zikiwa na javax.jms.Queue zilipaswa kufunguliwa moja baada ya nyingine na kusahihishwa, ijapokuwa jina la foleni lenyewe, jms/Malipo au jingine lolote, lilibaki kama lilivyokuwa.